Siku Nane za Mwisho: Kutoka Wete Kurudi Saltley

Kila ifikapo Septemba, kwenye vituo vya basi vya Alum Rock Road na milangoni mwa skuli za watoto wetu, watu wa kwetu huamkiana kwa swali moja: "Mmerudi lini?" Mwaka 2025 nasi tulikuwa miongoni mwa walioulizwa. Tulijibu kwa kutaja tarehe, kama ilivyo desturi, kisha tukazungumza habari za jua la kule na mvua ya huku. Lakini swali hilo lilituchoma kidogo, kwa kuwa wiki moja tu kabla yake tulikuwa Wete, kisiwani Pemba, na kule nako kila aliyekuja kutuaga alituuliza: "Mtarudi lini?" Kitenzi ni kile kile, na kila upande unadai kuwa ni wake. Leo tunapenda kuwasimulia siku nane za mwisho za safari yetu, kwani hapana shaka wengi wenu mmepitia siku kama hizo, na yale tuliyoyakosea sisi huenda yakamfaa mwingine.

Tulisafiri watu watano: sisi wazazi wawili na watoto wetu watatu, wote wazaliwa wa Birmingham. Miaka sita ilikuwa imepita tangu tufike Pemba mara ya mwisho. Sababu mnazijua. Nauli ya watu watano wakati wa likizo ya kiangazi ni mzigo mzito, na juu yake kila mwenye pasi ya Uingereza hulipia viza dola 50, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 pana bima ya lazima ya kuingilia Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo mmoja wetu, aliyezaliwa Wete na kucheza ufukweni pake, naye alisimama kwenye mstari wa wageni, akalipa kama walivyolipa watalii. Hatusemi haya kwa kulalamika. Tunayasema ili ieleweke kwamba safari ya namna hii hairudiwi kila mwaka, na kwamba kila siku yake ina thamani.

Tulipofika siku ya nane kabla ya kuondoka, mama yetu, ambaye watoto humwita Bibi, alitukalisha barazani baada ya sala ya alasiri. Alitwambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kaeni mpaka Maulidi. Mfungo Sita u karibu kuandama, siku zimebaki chache." Maulidi ya mwaka huo yaliangukia wiki ya kwanza ya Septemba, na sisi tulikuwa tuondoke Wete tarehe 28 Agosti. Tofauti ilikuwa wiki moja.

Ndugu wasomaji mnaosomesha watoto Uingereza mnafahamu jambo lililotukabili. Kwa kanuni zinazotumika tangu Agosti 2024, mtoto akikosa siku tano za masomo bila ruhusa, wazazi wanaweza kutozwa faini ya pauni 80 kila mzazi kwa kila mtoto, nayo hupanda hadi pauni 160 isipolipwa ndani ya siku 21. Kwa wazazi wawili na watoto watatu, hesabu ni pauni 480, au 960 kwa mwenye kuchelewa. Isitoshe, mtoto wetu wa kati alikuwa aanze sekondari wiki hiyo hiyo. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akiizungumza siku hiyo, na sare yake ilikuwa imetundikwa kabatini Saltley tangu Julai.

Hayo yote hatukumweleza Bibi. Tulisema tu, "Mama, tikiti zimeshakatwa." Naye akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba yangu mimi alikuwa mtu wa jahazi. Hakuwa akitwambia siku ya kuondoka, alikuwa akiutazama upepo. Nyinyi upepo wenu ni skuli."

Maneno hayo tuliyatafakari sana baadaye. Wazee wetu waliishi kwa pepo mbili. Vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilishuka pwani yetu kwa kaskazi, baina ya Desemba na Machi, vikarejea kwa kusi: ama mwanzoni mwake, Aprili na Mei, ama mwishoni mwake, Agosti na Septemba, kwani katikati ya kusi bahari huchafuka. Aliyekosa upepo wake hakuwa na budi kungoja miezi. Nahodha aliyepandisha tanga siku ile ile mkewe alipomwomba abaki hakuwa mtu asiye na huruma. Bibi alikulia katika nyumba ya watu walioagana kila mwaka, na yale maneno yake yalikuwa ya kutuondolea aibu.

Hata hivyo, kesho yake shangazi alitueleza jambo ambalo Bibi alilificha. Alikuwa amekwisha kuzungumza na mwalimu wa madrasa ili Maulidi yasomwe nyumbani kwake, na alikuwa amekusudia wajukuu wake watatu wakae mbele, waonekane. Usiku ule sisi wawili hatukulala mapema. Tulipiga hesabu ya faini, tukapiga hesabu ya kubadilisha tikiti, tukamfikiria mtoto wa kati na sare yake. Tuliamua kuondoka siku ile ile iliyopangwa. Hatukuamua kwa furaha, na mpaka leo hatusemi kwamba tuliamua sawa. Tunasema tu kwamba ndivyo tulivyoamua.

Siku zilizobaki zilikwenda kwa kuaga. Wete haikubali mtu aondoke kimya kimya. Asubuhi tulikwenda kwa mjomba, mchana kwa jirani aliyetulea, jioni kwa mgonjwa ambaye kila mmoja wetu alijua kwamba huenda tusimkute tena. Kila nyumba ilitoa chai, na kila nyumba ilitoa kitu cha kuchukua: halua, achari, mkeka mdogo, kanga mbili kwa wasichana. Ulikuwa msimu wa karafuu, na barabarani harufu yake ilitufuata kila tulikopita, kwa kuwa zilikuwa zimeanikwa juani juu ya majamvi mbele ya nyumba. Watoto wetu walijifunza kuchambua karafuu na kutenga makonyo, wakikaa chini pamoja na binamu zao, na vidole vyao vikabakia na harufu ile kwa siku mbili. Karafuu zenyewe hatukuchukua. Anunuaye karafuu za Zanzibar ni shirika la serikali, ZSTC, na kuzitoa kwa magendo ni kosa. Mjomba alitufanyia mzaha: masanduku yetu aliyapima kwa mizani ya karafuu, kila moja lisizidi kilo 23, akitangaza uzito kwa sauti kubwa kama vile yupo kituoni.

Jioni ya siku ya tano, wakati wa chakula, mjomba huyo huyo alimtania mtoto wetu wa kati. Alimwambia, "Wewe tutakuacha hapa, utasoma Wete." Mtoto aliweka tonge chini. Kwa wiki tano alikuwa akizungumza Kiswahili cha vipande vipande, neno moja la kwetu na matatu ya Kiingereza. Jioni ile alisema kwa Kiswahili kilichonyooka, pasi na kosa hata moja: "Mimi nataka kurudi nyumbani kwetu."

Watu walinyamaza. Sisi tuliona haya kupita kiasi, na mmoja wetu alianza kumkemea, kwani ilitupata kana kwamba ametutukana sote mbele ya Bibi, katika nyumba tuliyotumia miaka mingi kumwambia kwamba ndiyo kwao. Bibi alitukatiza. "Msimkanye," alisema. "Amesema sawasawa. Kwao ni kule. Mtoto asiye na kwao ndiye wa kuhurumiwa." Kisha akamsogezea mtoto kipande cha samaki, wakaendelea kula.

Tunakiri kwamba hatukuwahi kulifikiria jambo hili kwa namna hiyo. Sisi tunaposema "kwetu" tunakusudia Wete, na neno hilo tumelitumia Saltley kama fimbo: kwetu watoto hawajibu hivi, kwetu mkubwa huamkiwa. Mtoto alisikia miaka yote kwamba kwao ni mahali ambapo yeye ni mgeni, na kwamba mahali anapopajua, anapojua kila duka na kila njia ya mkato, si kwao. Bibi, ambaye hajapanda ndege maishani mwake, ndiye aliyeliona hilo.

Sasa tufike kwenye kosa letu. Wiki mbili kabla ya kuondoka, Bibi alianza kututengenezea samli kwa maziwa ya ng'ombe wa mjomba. Kila siku alikusanya siagi kidogo, akaiweka, mpaka ilipotosha. Kisha akaichemsha mwenyewe, akaichuja kwa kitambaa, akaijaza chupa moja kubwa. Sisi tulijua tangu mwanzo kwamba nyama na vitu vya maziwa kutoka nchi kama yetu haviruhusiwi kuingizwa Uingereza, hata vikiwa vya kula nyumbani tu. Tulijua, na tukanyamaza. Kila siku tulijiambia kwamba tutamweleza kesho. Tulimweleza usiku wa mwisho, masanduku yamekwisha kufungwa, naye amekuja na chupa ameizungushia gazeti na kuifunga kwa kamba ili isimwagike njiani.

Hakukasirika. Aliuliza kama samli ni haramu huko, tukamwambia la, ni hofu ya maradhi ya wanyama. Akaitazama chupa, akasema, "Basi itakaa. Samli haiozi." Akaipandisha juu ya kabati. Ndugu wasomaji, tungemwambia siku ya kwanza, samli ile ingepikiwa watoto wake na wajukuu wake kwa wiki mbili, nasi tungekula pamoja naye. Ukimya wetu, ambao tuliudhani kuwa ni heshima, ulimnyima raha hiyo.

Tuliondoka kabla ya alfajiri, kwa gari, kupitia Chake Chake hadi Mkoani, kusini mwa kisiwa, kupanda boti ya Unguja. Bibi hakuja bandarini. Tangu kuzama kwa MV Spice Islander I, tarehe 10 Septemba 2011, ilipokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, yeye haiwezi bandari. Mtaani kwao wapo waliopotelewa na watu siku ile, na kila mmoja wa nyumba yake anapovuka, hukaa na tasbihi mkononi hadi simu ilie. Aliagana nasi mlangoni. Watoto walimbusu mkono mmoja mmoja, naye akawasomea dua na kuwapulizia vichwani. Mtoto wa kati alikuwa wa mwisho, na alichelewa zaidi kuliko wenzake. Walichoambiana hatukukisikia, na hatukuuliza.

Boti ilipofunga gati Malindi, kabla ya kushusha hata sanduku moja, tulipiga simu. Aliitika kabla haijalia mara ya pili.

Tulilala Unguja usiku mmoja, na kesho yake tukaruka kwa kupitia Dubai. Birmingham tulitua Jumamosi, chini ya manyunyu yale membamba ambayo si mvua na si ukungu. Rafiki alikuja kutuchukua kwa gari lake. Watoto, waliokuwa wamelala, waliamka tulipofika Bordesley Green, wakaanza kutaja kila kitu kwa furaha: hospitali walikozaliwa, stesheni ndogo ya Adderley Park, bustani yenyewe, maduka ya vitambaa ya Alum Rock Road yenye nguo za harusi zinazometameta dirishani. Sisi tulikaa kimya tukiwasikiliza. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakitutazama sisi, wiki sita nyuma, tulipokuwa tukiitaja miembe ya Wete mmoja mmoja.

Nyumba ilikuwa baridi na ina harufu ya kufungiwa. Nyuma ya mlango palikuwa na lundo la barua. Hatujawasha hata taa, mlango uligongwa. Alikuwa jirani yetu, mama mzee wa Kipakistani, ambaye alituwekea ufunguo na kumwagilia maji mimea yetu. Alikuja na bakuli la wali na la dengu, kwa kuwa alijua kwamba hatuna kitu ndani. Wengine wote waliulizia hali ya hewa, yeye alikuwa wa kwanza kuuliza, "Mama yenu mmemwachaje?"

Tulipomweleza habari za Bibi na Maulidi, naye alitueleza yake. Wazee wake ni watu wa Mirpur, kama ilivyo kwa majirani zetu wengi wa Saltley. Bwawa la Mangla, lililokamilika mwaka 1967, liliwahamisha watu zaidi ya laki moja kutoka vijiji vyao, na si wachache kati yao walihamia Uingereza. Kijiji cha wazazi wake kimo ndani ya maji. Bwawa likipungua, alisema, majengo ya mji wa zamani huchomoza, na watu huenda kuyatazama, kisha maji hupanda tena. "Nyinyi," alituambia, "mmeacha mlango ulio wazi." Hatukuwa na la kumjibu. Tulikula wali wake kwa shukrani.

Kesho yake tuliwapeleka watoto bustanini Adderley Park, wanyooshe miguu. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1856, nayo ndiyo ya kwanza ya umma katika mji wa Birmingham. Enzi hizo Saltley ilikuwa ikijaa watu waliokuja kutengeneza mabehewa ya reli, kazi ambayo ilianza hapa mwaka 1845 na ambayo eneo hili liliendelea kuifanya mpaka kiwanda cha Washwood Heath kilipofungwa mwaka 2005. Mtaa huu umejengwa na watu waliotoka kwingine: kwanza vijiji vya Uingereza yenyewe na Ireland, kisha Karibiani, Pakistani, Bangladeshi, Somalia na kwetu. Kila mmoja wao alikuwa na bibi mahali fulani. Tulikaa kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza tukamwambia mtoto wa kati, kwa ulimi wetu wenyewe, kwamba hapa ni kwao. Alitutazama kama mtu anayeelezwa kwamba maji yana majimaji.

Usiku wa Maulidi tulipiga simu Wete. Baina ya kule na huku tofauti ni saa mbili wakati wa kiangazi, na tatu baada ya saa kurudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba. Hivyo kule ilikuwa saa mbili na nusu usiku, na huku saa kumi na mbili na nusu jioni, jua la Saltley bado halijatua. Mjomba aliitegemeza simu kwenye nguzo ya baraza. Tuliona ubani ukifuka, mrashi ukizungushwa, na kina mama wa mtaani wamejaa. Barzanji ilipofika pahala pa kusimama, watu wote walisimama, na bila ya kuambiwa, watoto wetu watatu nao walisimama mbele ya kochi, wakiwa bado na sare za skuli. Mwalimu aliwataja majina katika dua. Bibi aligeuka akaiangalia simu, akatikisa kichwa mara moja kuonyesha kwamba amewaona.

Baada ya wageni kuondoka, mtoto wa kati alimweleza Bibi habari za siku yake ya kwanza sekondari. Kiswahili chake kilikuwa cha vipande tena, lakini alikizungumza bila ya kututazama sisi kwa msaada. Aliposhindwa na neno, Bibi alimpa. Waliendelea hivyo kwa muda wa nusu saa, na sisi tukaondoka chumbani.

Ndugu wasomaji, kwa wale mtakaosafiri kiangazi kijacho tunayo machache ya kushauri. Kabla ya kukata tikiti, tazameni kalenda zote mbili, ya skuli na ya Mfungo, ili msije mkajikuta mnachagua kama tulivyochagua sisi. Yale msiyoweza kuyachukua yasemeni mapema, hata kama yanauma. Siku tatu za mwisho msizipangie sokoni. Ziacheni kwa wazee. Na mtoto akisema kwamba anataka kurudi nyumbani, msimkanye. Mwambieni Bibi yake aendelee kuzungumza naye kwa simu kila Jumapili, kwa kuwa mtoto mwenye kwao anaweza kufundishwa njia ya kwenda kwao kwa pili.

Jumapili iliyopita tulipompigia, tulimuuliza Bibi kuhusu afya yake, akasema ni njema, macho tu ndiyo yanayomsumbua. Kisha, bila ya kuulizwa, akasema: "Chupa yenu ipo juu ya kabati. Hajaigusa mtu."

Tukijaaliwa uhai, tunakusudia kwenda kuifungua.